Mtoto Akishatolewa Majini: Nini Huamua Atakavyoamka

Kila likizo ya shule inapofika, ujumbe wa aina mbili huzunguka kwenye makundi ya simu. Wa kwanza unasema mtoto aliogelea mchana, akapaliwa kidogo, akarudi nyumbani akicheka, kisha akafa usiku kitandani kwa sababu maji yalibaki mapafuni. Wa pili unasimulia mtoto wa nchi za baridi aliyekaa chini ya maji ya barafu zaidi ya saa nzima na leo mzima wa afya. Mzazi akizisoma zote mbili anaambulia mafunzo mawili yanayopigana: kwamba aliyetoka majini salama bado hayuko salama, na kwamba aliyetolewa bila uhai anaweza kurudi wakati wowote. La kwanza humtia hofu isiyo na kazi, la pili humpa tumaini lisilo na mpaka.

Katikati ya ujumbe huo linapotea swali lenye maana. Watoto wawili wanazama mahali pamoja, wiki moja. Mmoja anatapika, analia, anarudi nyumbani jioni. Mwingine anapona kifo lakini haongei tena, hatembei, analishwa kwa mpira. Nini kimewatenganisha? Wengine hutaja aina ya maji, wengine baridi, wengine ubora wa hospitali, wengine umri, wengine majaliwa. Kila jibu lina watetezi wake, na baadhi yao ni madaktari.

Tunamhesabu nani?

Sehemu ya mkanganyiko imetokana na madaktari wenyewe. Kwa miongo mingi waliwagawa watu katika waliokufa maji na walionusurika kwa angalau saa 24, kisha wakaongeza majina juu ya majina: kuzama kukavu, kuzama kwa maji, kuzama kwa awamu ya pili. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Amsterdam waliafikiana kuyaacha yote. Kuzama, walisema, ni mwenendo wa mtu kushindwa kupumua kwa sababu ameingia ndani ya maji au kimiminika kingine, na mwenendo huo una miisho mitatu tu: kifo, uhai wenye madhara, au uhai usio na madhara. Shirika la Afya Duniani lilikubali maana hiyo.

Huo si ubishi wa wasomi. Hospitali ikitangaza kwamba watoto wengi walioletwa baada ya kuzama walirudi nyumbani wazima, swali la kwanza ni walikuwa katika hali gani walipotolewa majini. Ukichanganya waliopaliwa na waliosimama moyo, tiba yoyote itaonekana ya ajabu, hata maji ya vuguvugu na dua. Mbrazili David Szpilman alilionyesha hili vizuri mwaka 1997 alipochambua kumbukumbu za watu 1,831 waliookolewa katika fukwe za Rio de Janeiro, wakubwa kwa wadogo. Aliwapanga kwa ngazi sita. Waliokuwa wanakohoa tu bila povu mdomoni hakufa hata mmoja. Waliokuwa na povu kidogo walikufa asilimia 0.6. Wenye povu jingi lakini presha nzuri, asilimia 5.2, presha ikiwa imeshuka, 19.4. Walioacha kupumua huku moyo ukiendelea kupiga, asilimia 44. Waliosimama moyo, asilimia 93.

Tazama nafasi iliyopo kati ya ngazi mbili za mwisho. Kutoka 44 hadi 93 hakuna ugonjwa mpya wala maji zaidi. Kuna dakika chache tu.

Kinachotokea mwilini

Mtoto anapozidiwa na maji huzuia pumzi kwanza. Akishindwa, huvuta maji kidogo, koo hujifunga kwa muda, oksijeni katika damu hushuka, fahamu hupotea, na kupumua husimama. Moyo unachelewa: huenda mbio, hupunguza mwendo, hupiga bila nguvu ya kusukuma damu, kisha hunyamaza. Ndiyo maana kuzama ni kinyume cha mshtuko wa moyo wa mtu mzima. Mzee anayeanguka kwa mshtuko wa moyo ana damu iliyojaa oksijeni isiyosukumwa. Mtoto aliyezama ana damu iliyokwisha oksijeni kabla moyo haujasimama. Tofauti hii itatusaidia mbele, tutakapofika kwenye ugomvi wa namna ya kumhuisha.

Ubongo ndio unaolipa. Katika joto la kawaida la mwili, seli zake huanza kuharibika ndani ya dakika nne mpaka sita hivi za kukosa oksijeni. Nazo haziharibiki kwa usawa. Sehemu zinazotunza kumbukumbu na viini vya ndani vinavyoratibu mwendo wa viungo ndizo dhaifu zaidi. Hapo ndipo anapotoka yule mtoto anayekutazama, anayeitambua sauti ya mama yake, lakini mikono imekakamaa na mdomo hautii amri.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mtoto mdogo usemi huo ni hatari. Mara nyingi huzama kimya, chini ya dakika moja, mdomo ukiwa umeshughulika kutafuta hewa na hauna nafasi ya kupiga kelele. Mkubwa aliye hatua chache kutoka hapo hasikii kitu, na kwa hiyo hajui saa ilianza kuhesabu lini.

Hoja ya kwanza: muda chini ya maji

Hoja yenye ushahidi mwingi kuliko zote ni kwamba muda wa kukaa chini ya maji ndio unaoamua. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Linda Quan wa Seattle na kuchapishwa mwaka 2016 yalikusanya kazi za nchi mbalimbali na kupima kila kigezo kinachoweza kujulikana pale pale penye tukio. Muda ulishinda. Waliokaa chini ya dakika tano walikuwa na nafasi kubwa ya kupona vizuri. Baada ya dakika kumi nafasi ilipungua sana. Baada ya 25 ilikaribia kutoweka. Umri, peke yake, haukuwa kigezo cha kutegemewa. Joto la maji halikuonyesha uhusiano, na aina ya maji ilionyesha tofauti ndogo tu.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inalingana na tunachokijua kuhusu mwili. Udhaifu wake ni kwamba muda huo karibu haujulikani. Mtoto wa miaka miwili akikutwa ndani ya pipa la maji uani, au kwenye shimo lililochimbwa mchanga wa kujengea likajaa mvua, hakuna aliyekuwa ameshika saa. Anayeulizwa ni mama au dada aliyeachiwa mtoto, naye anajibu akiwa amevurugwa na hofu na lawama: "Nilimwacha sasa hivi tu." Sasa hivi hiyo inaweza kuwa dakika mbili au kumi na mbili. Daktari anayepanga tiba kwa kutegemea jibu hilo anajenga juu ya mchanga, na daktari mwerevu hulichukua kama taarifa moja kati ya nyingi.

Ndiyo sababu wengine walipendekeza kuhesabu mambo kadhaa pamoja. Mwaka 1979 Mmarekani James Orlowski alitaja matano: umri usiozidi miaka mitatu, kuzama zaidi ya dakika tano, kutohuishwa kwa zaidi ya dakika kumi baada ya kutolewa majini, kufika hospitali bila fahamu, na damu iliyojaa asidi kupita kiasi. Mwenye mambo mawili au pungufu alikuwa na takriban asilimia 90 ya kupona vizuri. Mwenye matatu au zaidi, takriban asilimia tano. Orodha hiyo imezeeka, na suala la umri halijathibitishwa na tafiti za baadaye. Lakini itazame tena. Kati ya mambo hayo matano, ni moja tu ambalo binadamu aliyesimama ukingoni anaweza kulibadilisha mtoto akishatolewa: zile dakika kumi za kusubiri. Asidi katika damu na kukosa fahamu ni matokeo. Muda chini ya maji umekwisha kupita.

Hoja ya pili: baridi inaokoa

Hapa ndipo zinapotoka hadithi za barafu, nazo si za uongo. Mwaka 1986, katika jimbo la Utah nchini Marekani, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu alitumbukia kwenye kijito cha maji ya theluji iliyoyeyuka na kukaa chini kwa dakika 66. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 19. Madaktari waliizungusha damu yake nje ya mwili kwa mashine, wakaipasha moto polepole na kuirudisha. Alipona. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1988 na tangu hapo kimesimuliwa kila mahali, mara nyingi bila ile mashine.

Maelezo ya kitabibu yapo. Ubongo uliopoa unatumia oksijeni kidogo, na mwili wa mtoto hupoa haraka kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Lakini sharti lake ni gumu: ubongo upoe kabla oksijeni haijaisha. Hilo linahitaji maji ya karibu kuganda. Maji yaliyo baridi kiasi tu hayatoshi.

Hata huko kwenye barafu, waliookoka ni wachache kuliko simulizi zinavyodai. Uholanzi walifuatilia watoto 160 waliosimama moyo baada ya kuzama na kufika hospitali wakiwa wamepoa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto 98 waliendelea kuhuishwa kwa zaidi ya dakika 30. Kati yao 87 walifariki na 11 waliishi, wote 11 wakiwa na madhara makubwa ya ubongo. Miongoni mwa 62 ambao moyo ulirudi ndani ya dakika 30, kumi na saba walipona vizuri. Ufini nao walipopima muda, umri na joto la maji kwa pamoja, kilichobaki na uzito ni muda.

Kwetu hoja hii inageuka kabisa. Maji ya Bahari ya Hindi kuanzia Lamu hadi Mtwara huwa kati ya nyuzi 25 na 30 karibu mwaka mzima, na maji ya juu ya Ziwa Victoria hayako mbali na hapo. Kisima, pipa la uani na dimbwi la machimbo ni yale yale. Katika maji ya namna hiyo ubongo haupati muda wa kupoa kabla ya kukosa oksijeni. Kwa hiyo mtoto anayetolewa kwenye maji ya Mwanza au Tanga akiwa wa baridi amepoa kwa sababu amekaa sana, au kwa sababu damu imeacha kuzunguka. Ishara inayompa daktari wa Oslo sababu ya kuendelea ndiyo inayopaswa kumtia daktari wa Musoma wasiwasi. Ni kosa kuchukua mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya maziwa ya barafu na kuubandika kwenye ukuta wa zahanati ya pwani.

Aina ya maji: hoja iliyokwisha nguvu

Wavuvi na wauguzi wengi bado hubishana kama chumvi ni mbaya kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Msingi wa ubishi ni majaribio ya zamani ya maabara, ambapo wanyama waliojazwa maji mengi mapafuni walivurugika damu kwa njia tofauti kulingana na chumvi. Mtafiti Jerome Modell alionyesha kwamba ili damu ivurugike hivyo, mtu lazima avute kiasi kinachozidi mililita 11 kwa kila kilo ya uzito, na 22 ili madini ya damu yabadilike. Wengi wa wanaotolewa majini hai wamevuta chini ya mililita nne kwa kilo. Kwa kiasi hicho kidogo, maji ya chumvi na maji baridi humfikisha mtoto mahali pamoja: vifuko vya hewa hupoteza ule utando unaovizuia kusinyaa, mapafu hujaa maji, oksijeni haipiti. Chenye umuhimu zaidi ni uchafu. Maji ya mtaro au ya shimo la choo huleta maambukizi ya mapafu siku chache baadaye. Hata hivyo dawa za kuua bakteria hazimfai mtoto zikitolewa kwa kubahatisha kabla dalili hazijaonekana.

Mikono ya kwanza

Nenda mwalo wowote, uliza afanywe nini mtoto aliyetolewa majini hapumui. Jibu utakalolisikia kwanza ni kwamba maji yatolewe. Hushikwa miguu akaning'inizwa kichwa chini, tumbo likakamuliwa, au akalazwa kifudifudi juu ya goti. Wazo hilo lina mantiki ya macho: maji yameingia, basi yatoke. Wala si la Afrika peke yake. Chama cha kuokoa waliozama kilichoanzishwa Amsterdam mwaka 1767 na kile cha London kilichofuata mwaka 1774 viliwahi kupendekeza moshi wa tumbaku upulizwe kwa kipuliza katika njia ya haja kubwa, na vifaa vyake viliwekwa kando ya Mto Thames. Katika karne ya 20 daktari Henry Heimlich alipigania sana mbano wake wa tumbo utumike kwa waliozama, mpaka Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipoupitia katikati ya miaka ya 1990 na kuukataa.

Sababu za kuukataa ndizo zile zile za kukataa kuning'iniza. Maji yanayomwagika ni ya tumboni zaidi kuliko ya mapafuni. Kumkamua humtapisha, na matapishi huingia pale hewa inapotakiwa kupita; utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1988 ulikuta hata bila kukamuliwa, asilimia 86 ya waliohuishwa kwa kupuliziwa na kukandamizwa kifua walitapika. Tatizo kubwa zaidi ni muda. Kila dakika ya kuning'iniza inatolewa kwenye akiba ya dakika nne hadi sita.

Kuna ugomvi wa pili, mpya na wa kisomi zaidi. Tangu mwaka 2008 kampeni nyingi zimewafundisha raia kukandamiza kifua tu bila kupuliza, kwa sababu watu wengi huogopa kuweka mdomo juu ya mdomo wa mgeni, na mtu anayeogopa hafanyi chochote. Kwa mshtuko wa moyo wa mtu mzima hoja hiyo ni nzuri. Kwa mtoto aliyezama ni mbaya, kwa ile tofauti tuliyoiona: ukikandamiza kifua unazungusha damu isiyo na oksijeni. Miongozo ya Ulaya inataka pumzi tano kwanza, kisha kukandamiza kifua. Ya Marekani, katika maboresho ya mwaka 2024, inasisitiza vilevile kuanza na pumzi. Mtoto aliye kwenye ngazi ya tano ya Szpilman, moyo ukiwa bado unapiga, anaweza kurudi kwa pumzi hizo peke yake. Akikandamizwa tu, au akisubiri bajaji, anaporomoka kwenye ngazi ya sita.

Watetezi wa kukandamiza peke yake hujibu kwamba mafunzo ya aina mbili huwachanganya watu. Jibu hilo lina uzito katika miji ya Ulaya, ambako wengi wanaoanguka ghafla ni wazee wenye maradhi ya moyo. Halina uzito Nungwi au Ukerewe. Huku, kwa mtoto anayekutwa hapumui kando ya maji, tatizo la kwanza karibu daima ni pumzi, na anayempata kwa kawaida ni shangazi, kaka au jirani. Ile hofu ya mdomo wa mgeni inapungua sana.

Hospitali inaweza nini

Wanaoamini kwamba tatizo letu ni ukosefu wa vifaa wana hoja, ila historia ya tiba yenyewe inawatahadharisha. Miaka ya 1970 na 1980, Toronto ilikuwa na mpango mkali kuliko yote: mtoto alipozwa, akalazwa kwa dawa nzito za usingizi, akapumuliwa haraka kwa mashine, akanyimwa maji, na shinikizo ndani ya fuvu likapimwa saa zote. Walipofuatilia matokeo, kupoza hakukuwaongezea watoto waliopona vizuri, na maambukizi yalikuwa mengi. Mpango ukaachwa. Kupoza kulirudi kwa sura mpya, na mwaka 2015 jaribio kubwa la hospitali za Marekani na Kanada lililinganisha watoto waliopozwa hadi nyuzi 33 na waliotunzwa kwenye nyuzi 36.8 baada ya moyo kusimama nje ya hospitali. Faida haikuthibitika, na walipowachambua waliozama peke yao, haikuonekana pia. Dawa za kundi la steroidi nazo hazikusaidia.

Kinachobaki kufanya kazi ni mambo ya kawaida: oksijeni mapema, mashine ya kusaidia kupumua inayoyafungua mapafu kwa mgandamizo wa hewa, sukari ya damu isipande wala kushuka, homa izuiwe, degedege litibiwe. Oksijeni na mgandamizo wa hewa huokoa mapafu. Kwa watoto wa ngazi ya pili hadi ya nne hilo ni suala la kufa na kupona, na hapo ndipo wilaya isiyo na mtungi wa oksijeni inapopoteza watoto ambao wangepona kabisa. Kwa ubongo uliokwisha umia, wodi nzuri kuliko zote duniani hulinda kilichosalia tu.

Na yule mtoto wa ujumbe wa simu, aliyekufa usiku akiwa ametoka majini mzima? Hofu hiyo ilivimba sana mwaka 2017 baada ya habari kutoka Texas. Ukweli ni kwamba mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye, lakini hayazidiwi bila dalili. Mtoto hukohoa mfululizo, hupumua haraka, mbavu huingia ndani, hutoka povu, husinzia isivyo kawaida, na hali hujitokeza ndani ya saa nane hivi. Ndiyo maana hospitali humshikilia saa sita hadi nane. Akibaki anapumua vizuri na fahamu zake timamu, anaruhusiwa. Aliyepaliwa akakohoa mara mbili na kurudi kucheza hana maji yanayomvizia wiki nzima. Anayekohoa bila kukoma asipelekwe kulala apumzike. Apelekwe hospitali.

Lini kuacha, na nini kuwaambia wazazi

Hapa uzani ni mchungu zaidi. Kuendelea kumhuisha mtoto kwa saa nzima kunaonekana ni upendo, na hakuna daktari anayetaka kuwa wa kwanza kuinua mikono. Takwimu za Uholanzi zinasema kwamba baada ya nusu saa, mtoto ambaye moyo wake haujarudi, ukirudi naye akaishi, ataishi bila kujitambua au kwa ulemavu mzito. Kwa maji yetu ya joto mpaka huo una nguvu zaidi. Upande wa pili una hoja nao: muda wa kuzama haujulikani, vipimo vya mapema hukosea, na daktari akishazoea kukata tamaa hukata tamaa hata pale pasipostahili. Nionavyo mimi, nusu saa ya kuhuisha kwa ustadi, pumzi zikiwemo, ni haki ya kila mtoto asiyekuwa na dalili za wazi za kifo. Zaidi ya hapo, katika hospitali yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi, ni uamuzi unaomgusa pia mtoto wa nimonia anayesubiri mashine ile ile, na ni afadhali usemwe hivyo waziwazi kuliko kuachwa uamuliwe na zamu iliyopo.

Baada ya moyo kurudi, ishara ya kutegemewa kuliko nyingi ni ya bei rahisi. Utafiti wa jimbo la Washington uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba watoto wote waliopona vizuri walikuwa wameanza kujongea kwa makusudi ndani ya saa 24: kusukuma mkono wa muuguzi, kufuata kwa macho, kuvuta mpira puani. Waliobaki hawajongei hivyo walikufa au walibaki na madhara makubwa. Ishara hii haihitaji picha ya ubongo. Inahitaji muuguzi anayemwangalia mtoto na kuandika alichokiona, na dawa za usingizi zisizozidi kiasi zikaificha.

Wazazi ambao saa 24 zimepita bila ishara hiyo huanza kutafuta. Wengine huletewa habari za mtoto mdogo wa Marekani aliyeandikwa mwaka 2017 kwamba ubongo wake uliosinyaa ulijaa tena baada ya tiba ya oksijeni yenye mgandamizo mkubwa. Kilichochapishwa ni kisa cha mtoto mmoja, bila mwingine wa kulinganisha naye, na watoto wadogo hupata nafuu fulani katika miezi ya mwanzo hata bila tiba hiyo. Familia kuuza kiwanja kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma, hata kama anayeishauri ana nia njema. Fedha hizo zingefanya kazi zaidi kwenye mazoezi ya viungo, kiti kinachomkaa vizuri, dawa za kulegeza misuli na mtu wa kumfundisha mama namna ya kumlisha mtoto bila kumpalia. Nao waliohesabiwa wazima wanahitaji jicho. Ufuatiliaji wa miaka mingi umewakuta baadhi yao wakiwa na shida ya kumbukumbu na umakini inayojitokeza baadaye shuleni, wakati hakuna tena anayekumbuka kisima.

Uzito wa kila jambo

Ukiziweka hoja hizi kwenye mizani, muda wa kukosa oksijeni unazishinda zote. Baridi ina uzito katika nchi chache na kwetu karibu hauna. Chumvi karibu haina. Hospitali ina uzito mkubwa kwa mapafu na mdogo kwa ubongo. Umri unaonekana kuwa na uzito kwa sababu wadogo ndio wanaoachwa peke yao karibu na maji bila mtu kujua muda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wapatao 300,000 waliokufa maji mwaka 2021, karibu robo walikuwa chini ya miaka mitano.

Muda huo wa kukosa oksijeni una vipande viwili. Cha kwanza huisha mtoto anapotolewa majini, na wa kukifupisha ni mlinzi, uzio, mfuniko wa pipa, na kitu cha kuelea cha kumrushia aliyezidiwa. Cha pili huanza hapo na kuisha hewa inapoingia mapafuni. Hicho cha pili kinaachwa wazi karibu kila mahali Afrika Mashariki. Mipango ya dharura huzungumzia magari ya wagonjwa, ambayo hata yakipatikana hayafiki ndani ya dakika tano kwenye kijiji cha wavuvi, na vyumba vya wagonjwa mahututi, ambavyo mtoto huvifikia ubongo ukiwa umeshaamuliwa. Wa kukifupisha kipande hicho wapo tayari. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, yaani BMU, vipo kuzunguka Ziwa Victoria lote, na wanachama wake wako ukingoni kila siku. Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani wako majini kila maji yanapotoka, na watoto wako pembeni. Mradi wa Panje huko Nungwi umekwisha onyesha kwamba wasichana wa pwani wanaweza kufundishwa kuogelea kwa mavazi wanayoyaridhia wazazi wao.

Kufundisha pumzi tano na kukandamiza kifua kuna gharama zake. Watu husahau baada ya miezi, hivyo mafunzo hurudiwa. Baadhi ya watoto watakaorudishiwa moyo wataishi na ulemavu, na wilaya inayofundisha kuhuisha bila kuwa na mtaalamu wa mazoezi tiba itawabebesha akina mama mzigo peke yao. Hiyo ni sababu ya kuajiri mtaalamu huyo. Haiwi sababu ya kuendelea kuwaning'iniza watoto miguu juu huku wakitafutiwa bodaboda.